Vijiko Sita vya Chumvi

Kansanga, Kampala
Alhamisi, baada ya alasiri

Hanifa mwanangu,

Mambo ya pasipoti, ya chakula cha njiani na ya kufunga begi, shangazi yako Mwanaidi amekuambia mara tatu tangu asubuhi, na akirudi kutoka dukani atakuambia mara ya nne. Mimi sitaongeza. Umekwenda Lubaga kumuaga bibi yako, nyumba imetulia, nami nimepata nafasi ya kukuandikia jambo ambalo kwa miaka yote hii nimeshindwa kukuambia uso kwa uso.

Kesho unakwenda Nairobi kuandika. Siku ile ulipotusomea barua ya kazi hapa sebuleni, kwamba utakuwa mwandishi wa kurasa za Kiswahili kwenye tovuti ya afya, majirani walisema umenirithi. Shangazi yako akawaambia, "Mama yake ndiye aliyeandika tovuti ya kliniki. Kiswahili chake hakuna wa kukigusa." Nilicheka pamoja nao, kisha nikaenda jikoni. Ulinifuata ukaniuliza kama moshi umeniingia machoni. Nikasema ndiyo. Jiko halikuwa limewashwa.

Wewe ulikuwa darasa la tano nilipoanza kazi pale kliniki. Nilikaa mapokezi, naandika majina, napokea simu. Wagonjwa wetu wengi walikuwa Waganda, lakini kila mwezi walizidi kuja Wakongomani na Wakenya, watu ambao Luganda haiwapandi na Kiingereza kinawapiga chenga. Siku moja Daktari Ssemwanga, mwenye kliniki, aliniambia, "Mama Hanifa, tunatengeneza tovuti. Nataka iwe na kurasa za Kiswahili. Wewe ndiye mwenye lugha yako. Andika."

Unajua babu yako alivyonilea. Alikuwa mwalimu wa madrasa, na ingawa alizaliwa hapahapa Kampala, lugha aliyoileta baba yake kutoka pwani aliitunza kama watu wengine wanavyotunza hati ya kiwanja. Sokoni watu walisema Kiswahili cha askari, cha kuvunjavunja. Nyumbani kwetu ukikosea ngeli ulirudia sentensi mpaka inyooke. Nilipotumia neno gumu mahali pake, babu yako alikuwa anatikisa kichwa polepole na kufumba macho. Hakuwa mtu wa kusifu, kwa hiyo kichwa kile kilikuwa zawadi yangu kubwa. Nilikikusanya neno kwa neno hadi alipofariki.

Basi nikaandika tovuti kwa ajili ya kichwa cha marehemu baba yangu. Nakuambia ukweli. Sikumfikiria mgonjwa hata mmoja. Kila ukurasa nilianza na historia ya kliniki na shukrani kwa wote waliofanikisha. Juu kabisa kulikuwa na picha kubwa ya jengo, ambayo kwenye simu ndogo ilikuwa inakula bando la mtu kabla hajaona herufi moja. Mambo aliyoyatafuta mgonjwa yalikuwa chini, mbali, ndani ya aya ndefu zisizopumua. Daktari hakujua Kiswahili cha kuandika, akaniamini. Nilikuonyesha wewe kwenye simu yangu, ukanisomea kwa sauti, ukakwama kwenye maneno mengi, nami nikajivuna kwa sababu ulikwama. Nilidhani kukwama kwako ni kipimo cha elimu yangu.

Ukurasa mmoja ulihusu mtoto anayeharisha. Musawo Nabirye, muuguzi wetu, alinieleza kwa Kiingereza jinsi ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari nyumbani mtu akikosa dawa ya pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mambo matatu tu. Mimi nikaandika hivi. Nimeihifadhi sentensi hii kichwani na sidhani nitaisahau:

"Mlezi anashauriwa kutayarisha lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, ambamo hutiwa nusu kijiko na vijiko sita vya chumvi na sukari, mtawalia."

Neno "mtawalia" lilinipendeza mno. Nusu kwa chumvi, sita kwa sukari, kila kipimo na kitu chake kwa mpangilio uleule. Sahihi kabisa. Mwalimu yeyote angeniwekea alama ya vema.

Miezi michache baadaye, asubuhi yenye mvua, aliingia mama mmoja Mkongomani amembeba mtoto wa kike kifuani. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi, macho nusu wazi, midomo imekauka, na hakulia hata walipomchoma sindano. Musawo Nabirye alimuuliza mama amempa nini. Akasema amempa yale maji ya kliniki, kijiko baada ya kijiko tangu alfajiri, na mtoto anayakataa, na yeye anamlazimisha kwa sababu ukurasa ulisema msiache kumpa.

"Uliyatengeneza namna gani?" musawo akauliza.

"Kama vile muliandika. Chumvi kijiko sita, na sukari."

Musawo alimwita daktari, na daktari akamkemea yule mama, kisha akapiga simu itafutwe gari la kumkimbiza mtoto hospitali kubwa. Wakati tunasubiri, mama yule alitoa simu yake ili aonyeshe kwamba hakubuni. Alikuja nayo kwangu mapokezi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimekaa. Kioo kilikuwa na ufa. Na kwenye kioo kile chembamba sentensi yangu ilikuwa imekatika vipandevipande, na mstari mmoja, Hanifa, ulikuwa umebeba maneno haya peke yake: "vijiko sita vya chumvi".

"Na sukari, mtawalia" ilikuwa imeshukia mstari wa chini.

Nikamtazama. Yeye akanitazama, akadhani nimekasirika. Akaniambia kwa upole, "Munisamehe, mama. Ni mimi njo sijuwe kusoma muzuri."

Nilikuwa na nafasi pale ya kusema maneno manne: ni mimi niliyekosea, dada. Sikuyasema. Nilimrudishia simu yake na kumwambia asubiri gari. Waliondoka. Daktari aliporudi ofisini, mimi nilifungua kompyuta nikaifuta sentensi ile, nikaweka nyingine, nikafunga. Hakuna aliyeona. Mchana tulipokaa kunywa chai, Musawo Nabirye alisema, "Watu hawa hawasomi. Unawaandikia, wanafanya vyao." Nikatikisa kichwa polepole, kama babu yako.

Mtoto alipona. Nakuambia mapema ili usiendelee kusoma umeshika roho. Alilazwa siku nne, wakamtoa chumvi mwilini taratibu, akarudi nyumbani. Jina lake Neema. Daktari alituletea habari, na wote tukashukuru Mungu, na kwa watu wengine jambo likaishia hapo.

Kwangu halikuishia. Wewe hukujua kwa nini nilikuwa nikikupigia kelele siku zile kwa mambo madogo. Nilikuwa nikisali, na katikati ya rakaa naona ule mstari. Kilichonitesa kuliko sentensi yenyewe kilikuwa ule msamaha alioniomba. Nilikuwa nimeupokea. Nilikuwa nimemwacha mtu aondoke na kosa langu mgongoni, pamoja na mtoto wake.

Wiki ya tano nikatafuta anwani yake kwenye daftari la wagonjwa. Alikuwa amehama Kansanga, jirani yake akaniambia anauza mboga Kalerwe, upande wa barabara, karibu na wauza ndizi. Jumamosi moja nikakuacha kwa shangazi yako nikaenda. Nilizunguka soko lile karibu saa nzima kabla sijamwona. Alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda, mbele yake mafungu ya mboga za majani, nakati na dodo, na Neema amelala nyuma yake juu ya gunia, mashavu yamejaa.

Alinikumbuka. Akafuta kreti nyingine kwa kanga yake ili nikae. Alidhani nimetumwa na kliniki kuja kumwangalia mtoto. Akaniita "musawo".

Nikamwambia, "Mimi si musawo. Mimi ndiye niliyeandika ule ukurasa wa chumvi. Ulisoma vizuri. Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Na siku ile uliponiomba msamaha nilijua, nikanyamaza."

Alikuja mteja, akamfungia nakati, akamrudishia chenji, mteja akaondoka. Akapanga upya fungu ambalo lilikuwa limepangika. Nilikuwa tayari kutukanwa, na nadhani nilitamani kutukanwa. Mwishowe akasema bila kuniangalia:

"Tangu siku ile sisomaka kitu. Ujumbe za kanisa, sisome. Karatasi ya chanjo, napatia jirani anisomee. Niliona macho yangu inaweza kuua mutoto."

Hanifa, nimezaliwa katika nyumba ya vitabu, nimefundishwa na mtu aliyeheshimu maandishi kuliko chakula, lakini sikuwahi kujua kabla ya siku ile kwamba sentensi inaweza kumnyang'anya mtu kusoma. Alisoma darasa sita kwao Bukavu, katika shule ambayo baba yake aliuza mbuzi ili aingie. Nami nilikuwa nimemfungia mlango ule kwa neno moja la mapambo.

Nikasema la kijinga: "Ungependa tuuandike upya pamoja?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nimweleze. "Mimi? Kuandika?"

"Wewe usome. Pale utakaposimama, nitajua nimekosea."

Hakukubali siku ile. Alikubali mara ya tatu nilipokwenda, na nadhani alikubali kwa sababu alichoka kuniona. Nilikuwa nimeandika kwenye simu, mistari mifupi. Alishika simu kwa mkono mmoja, Neema akiwa begani, ameshikwa kwa mkono wa pili, na kidole gumba ndicho kilichokuwa kinasukuma ukurasa. Nilitazama kidole kile kama mtu anayeona kitu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimewaandikia watu waliokaa mezani, mwanga mzuri, mikono miwili mitupu. Hapa kulikuwa na mama aliyesimama juani, mtoto anamvuta sikio, muuza ndizi anapiga kelele, na ana nusu dakika kabla mteja hajafika. Huyu ndiye aliyekuwa akinisoma siku zote.

Akaanza kwa sauti ya chini. "Mtoto... anaharisha." Akavuka kichwa cha habari. Akafika penye "kiowevu". Akasimama.

"Hii ni nini?"

"Maji."

"Sasa si uandike maji?"

Nikafuta nikaandika maji. Akaendelea. Akasimama tena kwenye "endapo". Nikaweka "kama". Akafika kwenye vipimo, akasogeza simu karibu na macho, nami nikataka kumwambia aache. Hakuacha. Nilikuwa nimeweka kila kitu mstari wake, na namba mbele, ili hata kioo kikatize vipi, sukari isiweze kuachana na sita yake.

Akasoma: maji safi, lita moja. Sukari, vijiko vidogo sita. Chumvi, nusu kijiko kidogo.

Kisha akarudia peke yake, bila mimi kumwomba. Akasema, "Ongeza kitu. Mama aonje kwanza. Maji ikipita machozi kwa chumvi, aimwage."

Nilirudi kliniki nikamuuliza Musawo Nabirye kama hilo ni sahihi. Akasema ni sahihi, hata wao walifundishwa hivyo chuoni, isipokuwa alisahau kuniambia. Mama mwenye darasa sita alikuwa ameweka ndani ya ukurasa kitu ambacho mimi na musawo tulikiacha nje: kipimo ambacho kila mzazi anakijua kwa ulimi wake.

Siku hiyohiyo nilimfuata Daktari Ssemwanga ofisini nikamweleza yote, pamoja na nilivyoifuta sentensi kwa siri. Nilikuwa nimeshaondoa vitu vyangu kwenye droo ya mapokezi. Alivua miwani. Niliona uso wake ukibadilika, kwa sababu yeye pia alikuwa amemkemea yule mama.

"Uliandika kurasa ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na moja."

"Ziondoe zote leo. Zirudi moja moja, na kila moja isomwe na mtu wa nje kabla sijaiona." Kisha akasema, "Na tutakwenda Kalerwe wote wawili. Mimi nina deni langu la kuomba radhi."

Alikwenda, na viatu vyake vizuri, katika matope yale. Mama Neema hakujua aweke wapi mikono.

Ilituchukua karibu mwaka. Mama Neema alikuwa msomaji wa kwanza wa kila ukurasa: wa malaria, wa mama mjamzito, wa chanjo, wa mtoto aliyemeza mafuta ya taa. Alikuwa mkali kuliko babu yako. Babu yako alikuwa anataka nimpe neno asilolitarajia. Huyu alikuwa anataka neno ambalo tayari analo mdomoni. Nilidhani hiyo ni kazi rahisi. Nakuapia, sijafanya kazi ngumu kama hiyo. Kuna sentensi ya maneno saba niliyoiandika mara ishirini. Kiswahili changu chote kilihitajika ili kisionekane.

Sasa nikuambie niliyoyaona, maana hili ndilo hasa nililotaka ulibebe.

Ilikuwa mwaka uliofuata, msimu wa mvua, kuharisha kumeingia mitaa ya bondeni. Nilikwenda Kalerwe kununua ndizi, sikuwa na habari nyingine. Kabla sijafika kwa Mama Neema nikasikia sauti yake. Alikuwa amesimama katikati ya wanawake watano au sita, wengine wamebeba watoto, ameshika simu mbele ya uso. Alikuwa anasoma ukurasa wetu. Alisoma mstari mmoja kwa Kiswahili, kisha mama mmoja wa Kiganda pembeni akaugeuza kuwa Luganda, kisha wote wakaurudia. Mama mzee ambaye, nilijua, hajui hata kuandika jina lake, alikuwa anahesabu vijiko kwa vidole: sita. Akaangalia wenzake, akakunja vidole vyote, akabakiza kimoja akakikata katikati kwa kidole cha mkono mwingine: nusu.

"Ssukali mukaaga," akasema. "Munnyo kitundu."

Nilisimama nyuma ya mikungu ya ndizi. Hakuna aliyenijua isipokuwa mmoja, na huyo hakuniona. Maneno niliyoyahangaikia mezani kwangu yalikuwa yakitoka katika kinywa cha mtu mmoja, yanaingia katika lugha ambayo sikuyaandikia, yanafika kwa mtu asiyesoma, na hayakupoteza kitu njiani. Hakuna aliyesema Kiswahili gani hiki kizuri. Hawakuona Kiswahili. Waliona vijiko. Nywele zilinisimama mikononi, Hanifa, na sikutaka kusogea, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada ya watu wengine. Nilifikiri juu ya majiko ambayo maji yatachemshwa jioni ile, katika vyumba nisivyovijua, na watoto nisiowajua watakaoamka kesho wakitaka uji. Mimi nilikuwa nimekosa kumwogopa msomaji nilipoandika kurasa zile za kwanza. Siku ile nilimwogopa kwa mara ya kwanza, woga ule mzuri ambao mtu anakuwa nao mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye.

Niliondoka bila ndizi.

Wewe una lugha kunipita. Nimesoma vile vipande ulivyoandika, na nimeona unavyolipenda neno zuri. Umelitoa kwangu na mimi nimelitoa kwa babu yako, na sikuambii ulitupe. Siku utakapoandika barua kwa mchumba wako, mwaga yote. Lakini kutakuwa na siku utafurahi mno na sentensi yako mwenyewe. Mimi nilifurahi hivyo na ile ya mtawalia. Siku hiyo itoe sentensi yako nje ya ofisi, mpe mlinzi getini, mpe mama anayeuza chai, mwambie akusomee. Itakuuma. Na ukikosea, kwa maana utakosea, usichelewe wiki tano. Sema palepale kabla mtu hajatembea na kosa lako.

Huenda umekasirika sasa, kwamba ulikua ukijivunia mama uliyemjua nusu. Una haki. Nimeiandika badala ya kuisema kwa sababu nilitaka uwe na nafasi ya kukasirika bila mimi kukuangalia usoni. Ukifika, usiponipigia siku mbili tatu, nitaelewa. Mwambie tu shangazi yako umefika salama.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akupe watu wema wa kukaa nao na wakali wa kukusoma. Ukurasa wako wa kwanza ukitoka, hautakuwa na jina lako, wala usilitafute. Niambie tu ukurasa uko wapi. Nitakwenda nao Kalerwe, nikae kwenye kreti ya soda, nimpe simu Mama Neema, na mimi nitafumba mdomo nisikilize.

Mama yako anayekupenda,
Salma